Kamera ya Madirisha Mawili, 1974–1975

Ndugu Mhariri alipotutaka sisi wa miaka ya 70 tuandike habari za vyama vya shule, wengi waliandika juu ya mpira, ngoma na Skauti. Chama cha picha hakuna aliyekikumbuka. Si ajabu, maana tulikuwa watu sita tu, tukiwa na kamera moja, na hiyo kamera haikuwa yetu. Hata hivyo karibu kila picha ya miaka ile inayotundikwa bwaloni siku ya mkutano wetu ilipigwa na mmoja wa hao sita. Naona ni haki habari zake ziandikwe kabla sisi tuliobaki hatujamalizika.

Kamera ilikuwa ya mwalimu wetu wa Historia. Alikuwa amesoma Urusi, akarudi nayo nyumbani mwaka 1972 ndani ya mkoba mgumu wa ngozi ya kahawia. Jina lake lilichorwa juu ya chuma kwa herufi za Kirusi ambazo hatukuweza kuzisoma, naye akatusomea: FED. Ilikuwa FED ya aina ya pili, iliyotengenezwa Kharkiv. Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia pilipili, na kusogeza filamu kulitaka kuzungusha kirungu kwa vidole viwili mpaka kigome.

Siku ya kwanza hakutufundisha kupiga picha hata kidogo. Tulikuwa tumetoka kupalilia mahindi kwenye shamba la shule, mikono ina malengelenge, nasi tukinung'unika kama kawaida juu ya Elimu ya Kujitegemea. Akaiweka kamera mezani, akauliza, "Nani ametengeneza kitu hiki?" Tukasema mafundi. Akasema, "Watoto wa shule kama ninyi."

Kisha akatueleza. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Urusi palikuwa na watoto wengi mno wasio na wazazi, wakilala mitaani na kuiba. Mwaka 1927 ilianzishwa karibu na Kharkiv jumuiya ya kuwalea na kuwafanyisha kazi, chini ya mwalimu aitwaye Anton Makarenko. Walisoma nusu ya siku na nusu ya pili wakafanya kazi karakanani. Walianza na useremala, wakaendelea mpaka keekee za umeme, na mwaka 1934 wakaanza kutoa kamera. Hatukunung'unika tena juu ya jembe kwa muda wa kama wiki moja. Mambo mawili hakutuambia, nami nilikuja kuyasoma ukubwani. La kwanza ni kwamba FED ni herufi za mwanzo za Felix Edmundovich Dzerzhinsky, mwanzilishi wa polisi wa siri wa Kisovieti, ambaye jumuiya ile iliitwa kwa jina lake. La pili ni kwamba kamera yenyewe ilinakiliwa bila idhini kutoka Leica ya Wajerumani.

Leica ndiyo mama wa kamera hizi zote. Oskar Barnack, fundi wa kiwanda cha darubini katika mji wa Wetzlar, ndiye aliyebuni kutumia filamu ya sinema ya milimita 35 katika kamera ndogo ya mkononi, na kamera hiyo ikaanza kuuzwa mwaka 1925. Kabla ya hapo mpiga picha wa nchi hizi alihitaji wapagazi. Walther Dobbertin, Mjerumani aliyepiga picha nyingi za koloni hili kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na wakati wa vita hivyo, alikuwa akitembea na kamera kubwa na sahani za vioo. Picha zake zimo hadi leo katika hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, na ukiziangalia utaona jinsi watu walivyokauka kama miti, maana walisimamishwa wakaambiwa wasitikisike. Leica ya kwanza iliondoa mzigo, lakini iliacha taabu moja: ilimpasa mpiga picha akisie kwa jicho umbali wa kitu anachokipiga. Mwaka 1932 ikatoka Leica yenye kipima umbali kilichounganishwa na lenzi, na hiyo ndiyo watoto wa Kharkiv waliyoinakili.

Kipima umbali hakikuanzia kwenye kamera. Manowari zilikuwa nacho tangu mwisho wa karne ya 19, kwa ajili ya kulenga mizinga. Mbele ya kamera yetu palikuwa na madirisha mawili madogo, moja upande huu na moja upande ule. Ukichungulia kwa nyuma unaona katikati kivuli cha pili cha kitu kile kile, kama aonavyo mtu aliyezidisha gongo. Ukizungusha lenzi, kile kivuli kinasogea. Kinapolala sawasawa juu ya mwenzake, lenzi imelenga. Ndani mna kioo kinachopinduka kidogo kidogo kikisukumwa na lenzi, na hesabu yake ni ya pembetatu: upande mmoja ni nafasi kati ya yale madirisha, na pembe ikijulikana, umbali umejulikana. Somo la trigonometria, ambalo baadhi yetu tuliliona adhabu, likapata maana siku hiyo.

Mwalimu hakuturuhusu kuweka filamu kwa majuma matatu. Tulipelekwa uwanja wa mpira. Mtu anasimama mahali, anatazama mlingoti wa goli, anataja umbali kwa kinywa. Kisha anapima kwa kamera. Kisha anatembea kwa hatua kuhakikisha. Aliyekosea zaidi alitoa kipande chake cha muhogo cha saa nne. Mimi niliwalisha wenzangu muhogo kwa muda mrefu. Aliyekuwa hakosei alikuwa mwenzetu mmoja kutoka Matombo, upande wa pili wa milima. Jina lake silitaji maana jamaa zake wapo, nanyi wa kidato chetu mtamjua tu. Yeye alisema mtoto aliyekua akifukuza nyani kwa kombeo katika mashamba ya mteremkoni hawezi kukosea umbali.

Sasa nieleze ubaya wa kamera ya namna hii, maana ndio kiini cha habari yangu. Kamera za baadaye, zenye kioo ndani, zilikuonyesha kile kile ambacho lenzi inakiona. FED haikuwa hivyo. Tundu la kuchungulia lilikuwa na njia yake na lenzi njia yake. Basi ukisahau kifuniko juu ya lenzi unaendelea kuona dunia yote nzuri na safi, nawe unapiga giza. Filamu yetu ya kwanza ilikuwa na picha kumi na moja za namna hiyo, zote kazi ya mikono yangu. Tena ukimsogelea mtu karibu sana, tundu linamwona kwa juu na lenzi inamwona kwa chini, ukamkata kichwa bila kujua. Kiranja mkuu wa mwaka ule alitoka amevaa tai safi juu yake pakiwa hapana kitu kuanzia mdomoni. Alidhani tumefanya makusudi, akatufyekesha majani nyuma ya mabweni Jumamosi nzima.

Kosa la tatu ndilo baya kuliko yote, maana halina dalili. Katika tundu la kuchungulia kila kitu ni kikali siku zote, cha mbali na cha karibu, hata kama lenzi imelenga mahali pengine kabisa. Kivuli cha katikati ndicho shahidi wako wa pekee, na usipomwuliza hasemi.

Mwanga tulifundishwa na mlima. Hatukuwa na kipima mwanga, na filamu zetu zilikuwa ORWO za Ujerumani Mashariki, nyeusi na nyeupe, za DIN 20, ambazo hazikupenda kubahatishwa. Mwalimu alitufundisha kutazama kivuli cha mtu chini: kikiwa na ncha kali kama kilichokatwa kwa wembe, tundu la lenzi liwe 11, kikififia, 8, kisipoonekana, 5.6. Ninyi mliokaa pale mnajua desturi ya Uluguru. Alfajiri Lupanga imesimama wazi kila mkunjo unaonekana, watu wanateremka na mboga na ndizi kichwani kuwahi soko la mjini. Ikifika saa nne mawingu yanayotoka upande wa bahari yamekwisha kufunika vilele. Upande wa mashariki ndio unaopata mvua nyingi zaidi, na sisi wa upande wa mji tulipata mabaki. Kwa hiyo aliyetaka picha ya mlima aliamka na mchakamchaka.

Kusafisha filamu tulikufanya wenyewe katika chumba cha kuwekea vyombo vya maabara, madirisha yamezibwa kwa blanketi. Dawa tuliipima kwa mizani ya maabara: katika lita moja ya maji, metoli gramu 2, salfaiti ya sodiamu gramu 100, haidrokwinoni gramu 5, boraksi gramu 2. Taabu ilikuwa joto. Dawa ile inataka maji ya nyuzi 20, na maji ya bomba la Morogoro mwezi wa Februari hayakujali matakwa ya Wajerumani. Filamu ya pili ililainika, utando wake ukajikunja kama ngozi ya maziwa, picha zote zikaenda nao. Mama mmoja mpishi ndiye aliyetuokoa. Alituuliza kwa nini tunahangaika na wakati yeye ana mtungi. Maji yaliyolala mtungini, ukiwekwa mahali penye upepo, kufika alfajiri yalikuwa nyuzi 21 au 22, na kwa kupunguza dakika kidogo ilitosha. Kuanzia hapo mtungi ulikuwa mali ya chama.

Baada ya Pasaka mwaka 1975 nilitenda kosa ambalo nilidhani litanifukuzisha chamani. Niliiacha kamera juu ya jiwe ikiangalia juu, haina kifuniko, nikaenda kunywa maji mtoni. Mapazia ya ndani ya kamera hizi ni ya kitambaa kilichopakwa mpira, na lenzi inayolitazama jua ni kioo cha kuwashia moto. Niliporudi palikuwa na tundu dogo kama la sindano. Tangu siku hiyo kila picha ilikuwa na nukta nyeupe upande wa kulia juu. Mwalimu alikasirika kimya kimya, ambako ni kubaya zaidi. Mwezi wa Agosti aliziba lile tundu kwa solusheni ya kubandikia mipira ya baiskeli iliyochanganywa na masizi, na nukta ikatoweka. Nawaomba mwikumbuke nukta hiyo.

Mwezi wa Julai mwaka huo tulikwenda Matombo. Miaka ile walimu wengi wa Historia walikuwa wakiwatuma wanafunzi kwa wazee, kuandika habari ambazo hazikuwamo vitabuni. Mwalimu alitaka habari za matuta. Vijana wanaosoma gazeti hili leo pengine hawajui. Kuanzia mwaka 1950 serikali ya Kiingereza ilikuwa na mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Ilisema milima inamomonyoka, na kila mkulima akalazimishwa kukata ngazi za matuta katika shamba lake, asiyekata atozwe faini. Watu walisema kazi ni kubwa, matuta yanaleta juu udongo usiozaa, na zaidi ya hayo nani anamwagiza Mluguru namna ya kulima ardhi ya ukoo wa mama yake? Mwezi wa Julai 1955 mambo yalipasuka Matombo. Watu walikusanyika kukataa, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Baada ya hapo mpango ukaachwa. TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu.

Tulikwenda kwa lori la kukodi, kwa barabara inayozunguka ncha ya kaskazini ya milima, kupitia Kiroka na Mkuyuni. Mwenyeji wetu alikuwa mjomba wake yule mwenzetu, ambaye mwaka 1955 alikuwamo katika mkusanyiko ule. Kwa Waluguru mjomba ndiye mkubwa wa mtoto, hilo lazima lieleweke. Tulimwamkia, akatuitikia mmoja mmoja, kisha akatupandisha shambani kutuonyesha. Matuta yenyewe yalikuwa yamekwisha bomoka, lakini Mwalimu alitungoja jua liwe pembeni, na kweli, mwanga ulipolala chini yale makovu yalitokea mlimani kama mbavu za ng'ombe mkondefu. Saa sita usingeona kitu.

Kamera ilikuwa zamu yangu. Nilipiga matuta, kisha wenzangu wakanishurutisha nipige yale mawe mawili yaliyoupa Matombo jina lake (wanaojua Kiluguru wanajua kwa nini wavulana wa kidato cha nne waliitaka picha hiyo). Lenzi nikaipeleka mwisho, kwenye umbali usio na kikomo. Mara mawingu yakashuka. Mwalimu akasema, "Haraka, mpige mzee kabla mvua haijaanza." Mzee akasimama hatua mbili mbele yangu, ameshika jembe. Nikageuza tundu kuwa 5.6, nikapunguza kasi, nikasogeza filamu. Kifuniko nilikikumbuka. Kichwa nilikikumbuka, nikainua kamera kidogo. Katika tundu la kuchungulia mzee alionekana mkali kila unywele wa ndevu. Nikafyatua. Mvua ikanyesha, tukakimbia, na ile ilikuwa picha ya mwisho ya filamu.

Mmekwisha fahamu. Lenzi sikuigeuza. Mzee alitoka kama mtu anayetazamwa kupitia moshi. Mwalimu aliandika nyuma ya karatasi kwa penseli nyekundu: "Hukumwuliza shahidi." Mzee aliyesimama mbele ya risasi na akakubali kusimama mbele yangu, nami nikampoteza. Niliificha picha ile ndani ya kitabu cha Jiografia, na negativu nikaziweka katika bati la biskuti.

Tukamaliza kidato cha nne, tukatawanyika. Mwenzetu alikwenda Jeshi la Kujenga Taifa, na kutoka huko akaingia Jeshi la Wananchi. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera, na Mwalimu Nyerere kutangaza vita tarehe 2 Novemba 1978, yeye alikuwa miongoni mwa waliokwenda. Hakurudi. Alianguka mwanzoni mwa 1979, kabla Kampala haijatekwa mwezi wa Aprili, akazikwa Kaboya, Muleba, pamoja na wenzake. Kutoka Matombo hadi Kaboya ni kukata nchi nzima.

Nilipata likizo, nikaenda kuhani. Mjomba alinipokea, tukakaa kimya kama inavyopasa. Kisha akaniuliza, "Wewe si ndiye mwenye kamera?" Nikasema ndiye, ingawa haikuwa yangu. Akasema, "Kaburi hatuna. Dada yangu hana uso wa kutazama. Tafuta."

Nilirudi na aibu, kwa sababu nilijua hesabu yangu. Katika chama mpiga picha haonekani pichani, na mwenzetu, hodari kuliko sote, alikuwa karibu siku zote nyuma ya kamera. Nilimwaga bati la biskuti juu ya kitanda, nikanyanyua vipande kimoja kimoja mbele ya taa. Picha ya darasa zima aliipiga yeye. Picha ya timu aliipiga yeye. Nilipofika kwenye kipande chenye mzee wa moshi nilitaka kukipita, nikaona kitu nyuma ya bega lake. Juu ya mteremko, mbali kama hatua ishirini, mtu amesimama juu ya mojawapo ya matuta yaliyobomoka, mkono kiunoni, anatutazama. Uso wake kwenye filamu haukuzidi punje ya mtama. Lakini ulikuwa mkali, maana lenzi yangu ilikuwa imelenga mbali, upande wake.

Nilitilia shaka kama ni siku ile kweli, maana matuta tuliyapiga zaidi ya mara moja na negativu hazikuwa na tarehe. Nukta nyeupe ilikuwapo, upande wa kulia juu. Basi ni kati ya Pasaka na Agosti 1975, na Matombo tulikwenda mara moja tu katika miezi hiyo.

Mwaka 1979 karatasi za picha zilikuwa adimu kama sabuni. Nilimwandikia mwalimu wetu, naye akanijibu nije, akiba yake ilikuwa karatasi tano. Mashine ya kukuzia tuliigeuza kichwa nje ya meza, tukaielekeza sakafuni ili picha ikue zaidi ya vile ilivyotengenezwa kukuza, tukaifunga kwa kamba isianguke. Maji yalitoka mtungini. Karatasi mbili ziliharibika. Ya tatu ilipokuwa ndani ya dawa uso ulianza kutokea, chembechembe kama mchanga, kisha macho, kisha ule mkono kiunoni. Mwalimu aliwasha sigara chumbani mwa giza, jambo alilokuwa ametukataza sisi miaka yote, akaharibu karatasi ya nne.

Nilipeleka Matombo picha mbili: ule uso uliokuzwa, na picha nzima kama ilivyopigwa. Mama yake aliuchukua uso, akaingia nao ndani, sikumwona tena siku ile. Mjomba aliitazama ile nzima kwa muda mrefu, yeye mbele katika ukungu wake na mpwawe nyuma akiwa wazi. Nikaomba radhi kwamba nilimharibu, nikasema nitarudi nimpige upya. Akasema, "Iache hivyo hivyo."

Negativu bado ninayo, namba 36, katika bati lile lile. Katika mkutano wa Desemba nitakuja nalo, pamoja na vipande vingine 140 hivi ambavyo nyuso zake nyingine sizitambui. Wa kidato chetu na waliotutangulia njooni na miwani.